Springi za kukata: mliolaza gari zenu Mombasa, tupeane uzoefu

Mwana Tononoka:
Jana jioni pale Mama Ngina nimeona Toyota Corolla DX nyeupe imelala mpaka kiganja hakipiti kati ya tairi na madigadi, nkabaki natabasamu peke yangu. Enzi zile kila kijana wa Majengo akirithi gari ya babake, kabla hata ya redio ishapelekwa kukatwa springi. Najua humu wengi mmepita huko. Nani alikata, kwa grainda au kwa gesi, na ikaishia wapi? Uzoefu tu jamani, mawaidha tutayapata Ijumaa. Nauliza kwa sababu nna DX kama hiyo, KE70 ya 1982, aliyoniachia ami, iko uani imefunikwa turubai, na shetani ashaanza kunong'ona.

Kisauni Asilia:
Tairi zilikwisha upande wa ndani. Sina la kuongeza.

Hapana Chezea:
😂😂 kwisha maneno

Damu ya Changamwe:
Umenikumbusha DX ya kakangu, Allah amsamehe. Yuko hai, lakini amsamehe tu. Ilikuwa ya kijani, injini 4K, gari tamu haina neno. Akaambiwa kuna fundi nyuma ya magodauni huko Shimanzi analaza gari bila hata kufungua springi, na kweli hakufungua, alikuja na mtungi wa gesi akaipiga springi moto ikiwa pale pale mahali pake mpaka ikawa nyekundu na gari ikaanza kushuka yenyewe taratibu, na sisi tumesimama tunapiga makofi. Kushoto kukashuka zaidi. Akachoma kulia kusawazisha, kulia kukapitiliza, akarudi kushoto. Alipomaliza kwa macho iko sawa, asubuhi tunaamka kushoto kumelala tena. Kaka akasema ndio mtindo.

Ikawa ndio maisha, ukifika kwenye bampu abiria wa nyuma wanashuka wanatembea kwa miguu halafu wanapanda tena mbele, na watu wanaona kawaida. Sasa siku hiyo tunatoka msibani Mariakani, usiku, mama amekaa mbele na tasbihi yake, mimi niko nyuma upande wa kulia na binamu zangu wawili, na mnaijua njia ile na matrela yake. Tumepita Mazeras, mbele lami imechimbwa ikazibwa vibaya kuna kituta hivi, gari yoyote ingeruka ikatua ikaenda zake. Yetu ilitua haikuinuka. Springi hazina nguvu tena, shokapu zimegonga mwisho, ekseli ikasogea upande wangu, tairi ikaingia kwenye bodi ikaanza kusagika, harufu ya mpira nimeisikia kabla ya sauti, na mara tairi ikapasuka na kaka akakanyaga breki yote. Naona taa za trela, halafu giza, halafu taa tena. Tuliposimama tuko upande wa wanaoenda Nairobi na sisi wenyewe tunatazama Nairobi, yaani mgeni angepita angedhani tumeegesha tu vizuri. Trela ikatupita kwa nyuma na honi moja ndefu haikatiki.

Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyesema neno mpaka Jomvu, na Jomvu tulifika kwa kukokotwa. Mama akashuka, akamwambia kaka kesho nataka gari ya babako ilivyokuwa. Zilipotolewa zile springi, moja ilikuwa fupi kuliko mwenziwe vidole viwili.

Mtu wa Mtongwe:
Subhanallah. Nimesoma huku nimeshika kiti.

Fundi Mikindani:
Hiyo si kulaza gari hiyo ni kuua springi. Chuma kile kinapikwa kiwandani, kinapozwa ghafla, kisha kinapikwa tena kwa joto dogo ndio kipate ile tabia ya kukandamizwa na kurudi. Ukikipiga gesi mpaka chekundu umeifuta kazi yote, pale palipochomwa pamelegea, na kama kuna mjanja alikimwagia maji basi pamekuwa pa kuvunjika. Na moto wa mkono hauwezi kuwa sawa kulia na kushoto hata uwe fundi wa namna gani.

Kukata ni habari nyingine. Mimi nimekata nyingi na nyingine ziko barabarani mpaka leo. Springi inatolewa nje, grainda yenye diski nyembamba, unakata robo mzunguko, unarudisha, unashusha gari chini, unaisukuma mbele nyuma mpaka itulie, ndio unapima. Hutosheki, unatoa tena robo. Kazi ya kutwa nzima na inachosha. Mteja yeye anataka mzunguko mmoja na nusu palepale kwa sababu anawahi harusi. Ukishakata hakuna wa kukurefushia.

Na hiyo tairi kuingia upande mmoja ni tabia ya DX yenyewe, ekseli ya nyuma inazuiwa isiende ubavuni na rodi moja, kichwa kimoja kwenye bodi, kingine kwenye ekseli. Gari ikishuka rodi inabadilisha pembe na kuivuta ekseli. Ndio maana DX iliyolazwa ukiitizama kwa nyuma tairi moja imetokeza, ya pili imejificha.

Damu ya Changamwe:
Kumbe! Miaka yote tulidhani chesisi imepinda.

Kijana wa Bamburi:
Mambo ya grainda mpaka leo? Agizeni koilova bana, springi na shokapu kitu kimoja, unazungusha nati unapanga urefu unaoutaka, ukichoka unapandisha. Kukata ni ushamba.

Hapana Chezea:
Koilova ya laki kwa gari ya elfu themanini. Sawa tajiri.

Kijana wa Bamburi:
Si lazima uwe tajiri ni kupanga mambo tu. Na zile springi fupi za kununua pia zipo.

Fundi Mikindani:
Kwa KE70 zipo za kuagiza, hilo sikatai. Lakini koilova nyingi watu wananunua mitumba, ukiifungua nati imeshikana na kutu haizunguki tena. Hapa ni pwani ndugu, hewa ya chumvi haina urafiki na nyuzi za nati. Hata ukikata springi pake rangi pale mwisho ulipokata, usipopaka kutu inaanzia hapo hapo.

Kijana wa Bamburi:
Yangu inazunguka vizuri sana. Naosha.

Hapana Chezea:
Anaosha na maji ya kisima cha Bamburi yenye chumvi 😂

Mzee wa 504:
Nimewasoma nyote kimya kimya. Vijana hizi gari mnazozilaza ndizo zilizoijengea nchi hii jina kwa sababu zilikuwa juu. Joginder Singh alichukua mbio za magari za Safari na Lancer 1974 na 1976, Peugeot 504 ikachukua 1975 na 1978, Shekhar Mehta na Datsun akafululiza kutoka 1979 mpaka 1982. Watu hawa walikuwa wanatia springi ngumu na kuinua gari ipite mawe na matope. Nyinyi mnashusha kisha mnalalamika barabara mbovu. Mimi 504 yangu springi ni zile zile, bampu za Magongo sizijui hata ziko wapi.

Kijana wa Bamburi:
Mzee wetu shikamoo, lakini sisi hatuendi Safari, tunaenda Mama Ngina.

Mzee wa 504:
Marahaba. Na kutoka Mama Ngina unarudi nyumbani kwa njia gani, unaruka?

Kisauni Asilia:
Mzee amekufunga.

Bi Mvita:
Mimi sijui springi wala shokapu lakini hino mada inanihusu, wallahi. Nani humu alikuwa feri usiku ule Toyota Mark II nyeupe iliyopambwa maua ilipokaa na tumbo pale Likoni na bibi harusi ndani? Basi yule bibi harusi ni dadangu.

Binamu yetu alijitolea gari. Mark II ya zamani, rimu zinang'aa, ameikata springi mwezi huo huo ipendeze kwa harusi. Na kweli ilipendeza, imekaa chini kila mtu anapiga picha. Tukamaliza kupamba huku Kibokoni, dada akatiwa garini kupelekwa kwa mumewe Likoni, na nyuma wamekaa yeye katikati, somo yake, yule mwanamke aliyemfunda, upande mmoja, khalati upande mwingine, na khalati yetu mwamjua ni mtu wa haja. Mbele binamu na shangazi, na buti imejaa masanduku na masinia ya halua. Tarehe ni mwezi kumi na nne, bamvu, saa nne za usiku, maji yamekupwa mpaka mwisho, na feri ikishuka na maji ile njia ya kupandia inakuwa mwinamo mkali. Watu wa Likoni mtaelewa.

Kupanda feri huku kisiwani alikwaruza kidogo mbele, tukasema si neno. Kushuka ng'ambo ndio mambo. Magurudumu ya mbele yamepanda zege, pua imeinuka kule, nyuma bado iko juu ya lile bamba la feri, na katikati gari ikalala na tumbo kwenye ukingo. Binamu akatia mafuta, tairi zikazunguka moshi mtupu. Nyuma yetu basi, lori, tuktuk, honi kila upande, na watu wa miguu wale mia nane wote wamesimama wanatizama badala ya kwenda makwao. Mtu mmoja akasema washushwe abiria gari iinuke. Shangazi akashuka. Khalati akashuka kwa shida, gari ikainuka kidogo watu wakashangilia, akataka kurudi ndani kwa hasira. Somo akakataa. Akasema bibi harusi haweki mguu chini hapa mbele ya malori na wavuvi, mguu wake wa kwanza ni nyumba ya mumewe, na mimi sitoki nikamwacha peke yake. Dada anamwambia somo n'shuke tu, somo anamwambia nyamaza.

Basi wakaja wanaume. Sikuwahesabu, walikuwa wengi, wachukuzi, makondakta, hata askari mmoja alivua kofia. Wakaiinua gari na bibi harusi na somo yake ndani, wakaisogeza mpaka kwenye zege, na mimi nyuma kwenye gari ya pili na wanawake wenzangu tunapiga vigelegele na kulia pamoja. Ikaondoka. Silensa ikabaki pale kwenye bamba. Tukapanda ile njia gari inanguruma kama trekta, na kwa bwana harusi walitusikia tangu tuko mbali, watu wakatoka nje kuona ni nini kinakuja.

Likoni Damu:
NILIKUWEPO!! Mimi nilishika upande wa bampa ya nyuma! Kumbe ni nyinyi! Niliambiwa tutapewa halua hatukupewa!

Bi Mvita:
Halua ilimwagika yote kwenye buti kakangu. Tuwie radhi.

Hapana Chezea:
Somo apewe nishani

Mtu wa Mtongwe:
Kwanini hawakuzunguka Dongo Kundu?

Bi Mvita:
Ni zamani hiyo, barabara haijakuwepo.

Kisauni Asilia:
Hata ingekuwepo, utoke Kibokoni uzunguke mpaka Miritini saa nne za usiku na bibi harusi na khalati? Weye huna mke.

Mtu wa Mtongwe:
Mke ninaye.

Kisauni Asilia:
Basi hujampeleka popote.

Damu ya Changamwe:
Silensa mlirudi kuichukua?

Bi Mvita:
Binamu alirudi asubuhi hakuikuta. Likoni Damu hebu sema ukweli.

Likoni Damu:
Sijui chochote mimi.

Mwana Tononoka:
Jamani harusi nzuri lakini turudi kwenye springi. Fundi, nikikata ile ya DX mzunguko mmoja gari inakuwa ngumu kiasi gani? Mamangu ana mgongo.

Fundi Mikindani:
Springi yenye mizunguko 8 inayocheza, ukitoa 1 inabaki 7, ugumu unapanda kama asilimia 14. Springi fupi ni ngumu zaidi kwa chuma kile kile. Huo ugumu si mbaya, tena unasaidia maana nafasi ya kushuka imepungua. Kinachoumiza mgongo ni shokapu kugonga ule mpira wa mwisho kila shimo. Shokapu ya urefu wa kawaida ukiishusha inakaa karibu na mwisho wake muda wote, inapigwa mpaka inavuja mafuta. Tafuta fupi. Na huo mpira usiutoe! Watu wanautoa wakidhani wanaongeza nafasi, halafu chuma kwa chuma.

Kijana wa Bamburi:
Mimi ningeukata nusu.

Fundi Mikindani:
Nusu sawa. Leo tumekubaliana.

Kisauni Asilia:
Mimi naona tia mifuko miwili ya simenti kwenye buti, gari imelala, ukichoka unajenga choo.

Likoni Damu:
Hii ndio ushauri bora mpaka sasa.

Binti wa Jomvu:
Kwa yule wa KE70, angalia ukipiga jeki. Yetu ilipata pancha karibu na daraja la Nyali, mume wangu akainua gari, tairi ikaning'inia, na springi ya nyuma ikachomoka ikabingirika mpaka kwenye mtaro. Ilikuwa fupi mno haishikwi na chochote. Tulikaa pale tunaitafuta na tochi ya simu.

Fundi Mikindani:
Ndio hiyo. Gari ikiwa imening'inia springi lazima bado ibanwe kidogo. Ikicheza ukiishika kwa mkono umepita kiasi, na hata bila jeki, gurudumu likiingia shimo refu springi inakaa vibaya ikirudi. Kuna wanaoifunga kwa waya, mimi sipendi ila ni afadhali kuliko kuiacha.

Mzee wa 504:
Springi inafungwa kwa waya. Dunia imekwisha.

Mtu wa Mtongwe:
Basi nami niseme yangu. Nilikuwa na pikapu ya zamani, springi za bapa nyuma, nikamwambia fundi wa huku kwetu anishushie. Akasema dawa ni kuingiza kipande cha chuma kati ya ekseli na springi na kutia yu-bolti ndefu. Akatia. Nikaja kuichukua gari IMEPANDA. Nyuma iko juu pua iko chini. Ananiambia ngoja itazoea.

Hapana Chezea:
NGOJA ITAZOEA 😂😂😂😂

Fundi Mikindani:
Hakujua kutizama. Kama ekseli imekaa juu ya springi, kipande katikati kinaishusha gari. Kama springi ndiyo iliyo juu ya ekseli, kipande hicho hicho kinaipandisha. Na wenye pikapu mtizame kitu kingine, nyingi zina valvu ya breki ya nyuma yenye mkono ulioshikana na ekseli. Ile inapima mzigo. Ukishusha nyuma, valvu inadhani umebeba mawe, inapeleka breki nyingi nyuma, na gari tupu siku ya mvua tairi za nyuma zinakwama na mkia unakuja mbele. Ule mkono unapangwa upya, watu wanausahau.

Mtu wa Mtongwe:
Hiyo mkia kuja mbele imenitokea Mei. Nilidhani ni tairi.

Fundi Mikindani:
Ndio hiyo.

Kijana wa Bamburi:
Na alainmenti, kunyoosha tairi, mbona hamsemi? Kisauni Asilia tairi zake zilikwisha ndani kwa sababu alilaza gari akaenda moja kwa moja kupiga picha. Ukishusha gari ya strati, yaani shokapu iliyobeba springi, tairi za mbele zinaegemea ndani juu na zinabadilisha mwelekeo, unatakiwa utoke kwa fundi uingie kwenye mashine.

Kisauni Asilia:
Nilienda mashine.

Kijana wa Bamburi:
Baada ya muda gani?

Kisauni Asilia:
Unauliza sana weye.

Mzee wa 504:
Na taa? Gari ikishuka mbele zaidi taa zinatizama miguuni, ikishuka nyuma zaidi zinatuchoma macho sisi tunaokuja. Zipangeni.

Mwana Tononoka:
Sasa nishachanganyikiwa. Mmoja kata, mmoja usikate, mmoja simenti. Fundi nambie moja tu, nikate upande gani wa springi, juu au chini?

Fundi Mikindani:
Tizama ilivyoishia. Upande ambao chuma kimekatwa kikiwa bado kwenye duara lake la kawaida, huo ndio unaokatwa, kwa sababu ukikata hapo mwisho mpya unafanana na wa zamani na unakaa kwenye kikombe chake. Upande uliobanwa ukawa mdogo, au uliolazwa bapa, usiuguse. Na kukata mbele utahitaji chombo cha kubania springi kuitoa kwenye strati. Usikubali mtu akuletee kamba ya katani. Nimeona springi imepiga dari la bati ikatoka upande wa pili.

Hapana Chezea:
Ilikuwa gereji ya nani

Fundi Mikindani:
Ya mtu.

Mwana Tononoka:
Haya. Nikikuletea Jumamosi utaanza na robo?

Fundi Mikindani:
Lete na shokapu fupi mkononi, bila hizo sifungui hata nati. Na springi zangu za zamani zisizokatwa za DX nnazo seti moja, ukijuta nakuuzia.

Damu ya Changamwe:
Bei?

Fundi Mikindani:
Za nani, zako au zake?

Damu ya Changamwe:
Za kaka. Mama bado anauliza.